Umemaliza digrii ya Kiingereza, sasa kazi utaipata wapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ninayoulizwa karibu kila wiki na watu waliosoma Kiingereza chuo, wengine ndo wanavaa joho mwezi ujao, wengine wamemaliza miaka mitano iliyopita na cheti kiko kabatini. Mimi nilisoma hiyohiyo digrii, nikakaa zaidi ya mwaka bila kazi, alafu nikaingia kwenye uhariri na uandishi wa miongozo ya watumiaji na nipo hapo mpaka leo. Kuna majibu marefu na mafupi humu kwa sababu maswali yenyewe hayana uzito sawa.

Hivi digrii ya Kiingereza ina kazi kweli?

Ina kazi, ila haina kazi yenye jina lake. Muuguzi akimaliza anatafuta tangazo la muuguzi, mhasibu anatafuta la mhasibu, sisi ukikaa kusubiri tangazo la "anatakiwa mtu aliyesoma Kiingereza" utasubiri sana. Kazi zetu zipo chini ya majina mengine kabisa: mhariri, afisa mawasiliano, mwandishi wa maandiko ya miradi (ya kuomba fedha kwa wafadhili), mwandishi wa kiufundi, mtu wa maudhui, mtafsiri, msaidizi wa utafiti, mtayarishaji wa kozi za mtandaoni. Kwahiyo kwanza badilisha maneno unayotafutia kazi, yaani kabla hata ya kugusa CV.

Alafu kuna kitu nilikielewa kwa kuchelewa sana na naomba wewe ukielewe mapema: Kiingereza peke yake ni nusu ya ujuzi. Nusu nyingine ni fani, iwe afya, fedha, kilimo, sheria, softiwea, nishati, chochote unachoweza kukisoma bila kusinzia. Wanaoandika vizuri wapo wengi na wanaojua bima inavyofanya kazi wapo wengi pia, ila anayejua bima na anaweza kumweleza mtu wa kawaida kwa ukurasa mmoja akaelewa, huyo akipatikana hawamwachii. Kila ofisi inaandika, na sehemu nyingi wanaandika vibaya, mteja anasoma barua haelewi anapiga simu, mtu wa simu naye anasoma ileile barua haelewi, muda na hela vinapotea hapo kila siku. Wewe unatakiwa kuwa mtu anayeziba hilo tundu.

Nimetuma maombi mpaka nimechoka na sijaitwa hata mara moja. CV yangu ina shida gani?

Sijaiona lakini nakisia, kwa sababu ya kwangu ilikuwa hivyohivyo. Juu kabisa niliandika kwamba nina uwezo mkubwa wa mawasiliano, nafanya kazi vizuri na wenzangu na ninajituma, chini yake orodha ya kozi nilizosoma, ushairi wa karne ya 17, fonolojia, nadharia za uhakiki. Nilituma kwa zaidi ya ofisi 40. Sasa hivi na mimi nakaa upande wa pili wa meza nikipitia maombi ya watu na naona kwanini hakuna aliyenijibu, ile CV haikumwambia msomaji hata kitu kimoja ambacho nimewahi kukifanya.

Chukua kila sifa uliyoandika ujiulize "nilifanya nini kinachoonyesha hivyo?" alafu andika hicho kitendo, futa sifa. Ulihariri jarida la wanafunzi? Andika matoleo mangapi, kurasa ngapi, uliongoza waandishi wangapi. Tasnifu yako ilikuwa na maneno 12,000? Hiyo ni kazi ndefu uliyoipanga, ukaitafutia vyanzo, ukaipeleka kwa msimamizi ikarudi na wino mwekundu ukairekebisha na ukaikabidhi tarehe iliyotakiwa, na ndivyo ripoti za ofisini zinavyoandikwa, sema wewe hukuwahi kuiona hivyo. Ulikuwa unasaidia wenzako kurekebisha insha? Hesabu watu wangapi kwa muhula.

Ile orodha ya kozi punguza. Acha mbili tatu zinazogusa kazi unayoomba, kama uandishi wa kitaaluma, isimu au tafsiri.

Na jamani, makosa. CV ya mhasibu ikiwa na kosa la tahajia inasamehewa, ya mtu wa Kiingereza haisamehewi, wanaifunga hapohapo. Iprinti uisome kwa sauti, kwenye skrini jicho linaruka.

Wanataka eksipiriensi na mimi ndo kwanza natoka chuo, hiyo kazi ya kuonyesha naitoa wapi?

Unaitengeneza. Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote kwa sababu fani yetu ina bahati ambayo fani nyingi hazina: huhitaji maabara, huhitaji leseni, huhitaji mtu akupe ruhusa. Daktari hawezi kujifanyia operesheni ya mazoezi nyumbani ila wewe unaweza kukaa jioni moja ukatoka na sampuli ambayo bosi anaisoma kwa dakika tatu na kujua kama unafaa.

Fanya hivi. Tafuta maandishi mabovu ya hadharani, mfano maelekezo ya kutumia kifaa, fomu ya serikali, sera ya faragha ya app fulani, tangazo la mkopo. Yaandike upya yaeleweke. Weka toleo la zamani upande mmoja, lako upande wa pili, na chini eleza kwa aya moja umebadilisha nini na kwanini. Mfano mdogo tu kwa Kiswahili ili uone ninachomaanisha, mwongozo unasema: "Mtumiaji anapaswa kuhakikisha kwamba kifaa kimezimwa kabla ya kuanza kwa zoezi la usafishaji." Maneno 13. Mimi naandika: "Zima kifaa kabla ya kukisafisha." Maneno 5, na mtu mwenye kitambaa mkononi ameelewa. Ukiwa na sampuli tatu za namna hii kwenye fani moja unayoitaka wewe una nguvu kuliko mwenye cheti kitupu, na nasema hivyo kwa uhakika kwa sababu mimi kazi yangu ya kwanza niliipata kwa kuandika upya mwongozo wa pampu ya maji ambao ulikuwa umenitesa mwenyewe, nikaupeleka kwa waliouza pampu pamoja na barua fupi, wiki mbili baadaye wakaniita.

Ukiwapelekea wenye maandishi, kuwa na adabu. Usiwaambie mwongozo wao mbovu. Waambie "niliutumia nikakwama hapa na hapa, nimejaribu kuandika hivi, labda itawasaidia".

Zile insha zako za chuo usizipeleke kama sampuli, hata kama ulipata alama A. Profesa alilipwa azisome na bosi hana huo muda.

Lazima nifundishe?

Hapana. Ila kama unapenda kufundisha basi usione haya kwa sababu ya maneno ya watu, ni kazi nzito na yenye maana. Jua tu kwamba shule za umma sehemu nyingi wanataka mafunzo ya ualimu na leseni juu ya digrii, digrii pekee haitoshi. Kwa kufundisha watu wazima Kiingereza kama lugha ya kigeni cheti kinachotambulika sana ni CELTA cha Cambridge, ni kama masaa 120 ya kozi na ndani yake kuna masaa 6 unasimama mbele ya wanafunzi halisi huku mkufunzi anakuangalia. Zipo kozi za bei rahisi za mtandaoni ambazo hufundishi mtu yeyote mpaka unamaliza, hizo waajiri makini wanazijua.

Uhariri ni nini hasa, si ni kurekebisha grama tu?

Watu wengi wanaingia na wazo hilo na wanagombana na wateja mwezi wa kwanza. Kuna kazi tatu tofauti ndani ya neno hilo moja. Ya kwanza ni uhariri wa muundo, unaangalia hoja imepangwaje, sura ipi ihamishwe, wapi msomaji atapotea, hapa husahihishi koma hata moja. Ya pili ni uhariri wa lugha, sentensi kwa sentensi, maneno, ufasaha, kama jina limeandikwa namna moja mwanzo mpaka mwisho. Ya tatu ni kusoma prufu, ni ukaguzi wa mwisho baada ya kurasa kupangwa, unakamata tahajia, nafasi na namba za kurasa. Mteja akikwambia "niangalizie tu makosa madogo" na andiko lenyewe limevunjika muundo, mwambie kabla hujaanza, ukinyamaza utafanya kazi ya kwanza kwa malipo ya tatu.

Jifunze vizuri mwongozo mmoja wa mtindo, yaani kitabu cha kanuni za uandishi. Vitabu vingi vya Marekani vinafuata The Chicago Manual of Style, ulitoka mara ya kwanza 1906 na toleo la 18 limetoka 2024, magazeti mengi ya huko yanatumia wa AP, shirika la habari la Associated Press. Huna haja ya kukariri, unatakiwa kujua pa kutafuta. Na uijue kama kiganja chako ile sehemu ya Word inayoonyesha mabadiliko kwa rangi (Track Changes), kuna watu wana digrii mbili na hawajui kuiwasha.

Uandishi wa kiufundi unahitaji niwe injinia?

Hapana, unahitaji uwe mtu asiyeona aibu kumuuliza injinia. Kazi ni kukaa kati ya aliyetengeneza kitu na atakayekitumia. Unauliza, unajaribu mwenyewe, unaandika, unampa mtu asiyejua kitu afuate hatua zako huku wewe umekaa kimya unaangalia anakwama wapi. Hiyo sehemu ya kukaa kimya inaumiza mwanzoni lakini ndo shule yenyewe.

Vya kujifunza: Markdown, yaani alama rahisi za kupanga maandishi (siku moja inatosha kuanza), Git, programu ya kutunza matoleo ya faili, kwa kiwango cha kuhifadhi na kutuma mabadiliko, na kusoma kidogo jinsi API, yaani njia ya programu moja kuongea na nyingine, zinavyofanya kazi kwa sababu kampuni za softiwea zinahitaji sana watu wa kuandika nyaraka zake. Google wana kozi za uandishi wa kiufundi ambazo zipo mtandaoni bure, anzia hapo kabla ya kulipa popote. Alafu miradi ya softiwea huria karibu yote nyaraka zake zina mapengo, ukirekebisha ukurasa mmoja na wakaupokea jina lako linabaki pale na yeyote anaweza kuona ulichofanya. Kwa mtu asiye na koneksheni sijaona mlango mzuri kama huu.

Na tafsiri?

Ukiwa na lugha ya pili unayoimiliki kwelikweli una kitu ambacho wenye Kiingereza pekee hawana. Kanuni ya fani ni kwamba unatafsiri kuingia kwenye lugha yako, yaani ile unayoota nayo, na hata Umoja wa Mataifa wenye lugha rasmi 6 watafsiri wake kwa kawaida wanafanya kuingia lugha yao kuu. Jifunze programu za kumbukumbu ya tafsiri kama Trados au memoQ, zinahifadhi kila sentensi uliyotafsiri na kukurudishia ikijirudia, na ujue kabisa mawakala wa tafsiri watakata malipo kwa sentensi zilizojirudia. Kwa umakini mtu anatoa kama maneno 2000 mpaka 2500 kwa siku, ukiahidi 6000 utapeleka takataka.

Siku hizi kazi nyingi inakuja ikiwa mashine imeshatafsiri na wewe unarekebisha, malipo kwa neno ni madogo zaidi. Kabla ya kukubali omba kuona kurasa mbili, kuna tafsiri za mashine ambazo kuzirekebisha kunachukua muda kuliko kuanza upya.

Akili mnemba si imemaliza hizi kazi zote?

Nitakuwa mkweli, imemaliza baadhi. ChatGPT ilitoka mwisho wa Novemba 2022 na kazi za chini, zile za maelezo mafupi ya bidhaa na makala za maneno 500 ambazo hakuna aliyezisoma kwa makini, zilipungua sana na nina marafiki walioishi kwa hizo wakaumia. Sitakwambia usijali.

Ila angalia kilichobaki. Mashine inaandika sentensi laini hata pale inapokosea, inataja makala ambayo haipo kwa uhakika uleule inaotaja iliyopo, na mtu asiyezoea kusoma kwa makini hashtuki. Sisi miaka mitatu minne tulifundishwa kushtuka. Kuuliza huyu anayeongea ni nani, hii hoja imetoka wapi, kwanini ametumia neno hili na sio lile, ni nini amekificha. Kwenye mkataba, kwenye ripoti ya dawa, kwenye andiko la kuomba fedha lazima awepo binadamu anayesaini kwamba amekisoma na kipo sawa, na huyo ndo unatakiwa kuwa. Kwahiyo jifunze kuitumia, itumie kwa rasimu za kwanza na kuzipinga hoja zako, usiwahi kuipa nyaraka ya siri ya mteja bila ruhusa, na mwambie mteja ukweli umeitumia wapi. Anayeuza maneno kwa wingi ana wakati mgumu, anayeuza uamuzi bado anatafutwa.

Kuandika maandiko ya miradi kunalipa?

Kunalipa na kuna presha. Andiko zuri linajibu maswali ya mfadhili kwa mpangilio wake yeye, sio wako, na kila shughuli uliyoandika lazima ionekane kwenye bajeti na kila mstari wa bajeti uonekane kwenye shughuli. Maandiko mengine yanatupwa kabla ya kusomwa kwa sababu yamezidi kurasa au kiambatanisho kimoja hakipo. Kama unapenda usahihi utafurahia. Kitu kimoja: usikubali kulipwa asilimia ya fedha zitakazopatikana, vyama vya wataalamu wa fani hii vinaona hiyo ni kinyume cha maadili, lipwa kwa kazi uliyofanya.

Nikitaka kuhamia sheria au udaktari nimeshachelewa?

Hujachelewa. Marekani shule za sheria hazidai digrii ya aina fulani, na mtihani wa kuingilia shule hizo, LSAT, tangu Agosti 2024 umeondoa ile sehemu ya mafumbo ya kimantiki, imebaki kusoma na kupima hoja, ambayo ni kazi yetu ya kila siku. Uingereza na Wales njia ya SQE, mitihani ya kuwa wakili, iliyoanza 2021 inapokea digrii ya somo lolote, pamoja na miaka miwili ya uzoefu wa kazi za kisheria.

Kwa sayansi ni ngumu zaidi kwa sababu utarudi kusoma kemia na biolojia, lakini watu wamefanya. Harold Varmus alimaliza fasihi ya Kiingereza 1961 pale Amherst, akaongeza masta ya Kiingereza Harvard, ndo akaenda kusoma udaktari, na 1989 akapata Nobeli ya tiba pamoja na Michael Bishop kwa utafiti wa jeni za saratani. Sally Ride alitoka Stanford 1973 na digrii mbili kwa mpigo, fizikia na Kiingereza, na 1983 akawa mwanamke wa kwanza wa Marekani kwenda anga za juu. Siwataji ili ujilinganishe nao, nawataja kwa sababu kuna mtu huko nyumbani atakwambia umejifungia mlango.

Nisome masta?

Kama unajua jina la kazi ambayo masta itakufungulia, soma. Kama unataka masta kwa sababu umechoka kukosa kazi, subiri, fanya kazi yoyote inayohusu maandishi kwa mwaka mmoja kwanza, utajua masta ya nini. PhD iendee kwa mapenzi ya utafiti na kama kuna ufadhili, nafasi za kudumu za kufundisha vyuo vikuu kwenye fasihi ni chache kuliko wanaohitimu.

Nitoze kiasi gani, na nisitapeliwe vipi?

Bei zinategemea mahali na fani kwahiyo nitakupa njia ya kuipata ya kwako. Chukua andiko la maneno 2500, ambazo ni kurasa 10 kwa hesabu ya wahariri maana ukurasa mmoja wanauhesabu maneno 250, lihariri kwa kiwango chako cha kweli huku umewasha saa. Gawanya. Sasa unajua unafanya kurasa ngapi kwa saa, amua saa yako ina thamani gani, na kwa kila kazi mpya omba kuona kurasa chache za katikati, sio za mwanzo, mwanzo mtu huwa amejitahidi.

Kazi yangu ya kwanza ya frilansi niliombwa "jaribio" la kurasa 30. Nikakesha siku mbili nikatuma, wakashukuru, wakakaa kimya, miezi michache baadaye nikaona maandishi yangu yamechapishwa neno kwa neno. Niliumia kweli. Jaribio halali ni ukurasa mmoja au miwili, likizidi hapo linalipwa. Na kila kazi iwe na makubaliano ya maandishi hata kama ni imeli ya mistari sita: unafanya nini, hufanyi nini, marekebisho mara ngapi, dedilaini lini, malipo kiasi gani na lini, nusu mbele kwa mteja mpya. Mteja anayekasirika kwa kuombwa hayo kwa upole huyo mwache aende.

Kwenye intavyu wakiniuliza "kwanini ulisoma Kiingereza?" nijibu nini?

Usiombe radhi. Naona vijana wazuri wanacheka kwa aibu wanasema "aah, ndo nilichochaguliwa" na hapohapo wameshuka bei. Hata kama ndivyo ilivyokuwa, wewe ulikaa nayo miaka mitatu au minne, sema ulichokipata humo. Alafu ukimaliza sentensi mbili za hivyo toa karatasi. Mimi ningesema hivi: "Nilitaka kujua kwanini maandishi mengine yanaeleweka na mengine hayaeleweki. Wiki iliyopita nilisoma ukurasa wenu wa maswali ya wateja, aya ya tatu nilirudia mara mbili ndo nikaelewa, nimejaribu kuiandika upya, hii hapa." Iwe imeprintiwa, nakala mbili, moja yako moja yao, na uwaachie ya kwao.